Jinsi Maporomoko ya Lwendo Yalivyopata Pacha

Sogeeni motoni mkaushe nguo. Kila anayerudi kutoka kwenye maporomoko masika kama haya huja na swali lile lile, nanyi mmekuja nalo: kwa nini maji huanguka kwa mikondo miwili mvua zikiwa nyingi, na kiangazi kikishaingia unabaki mmoja tu? Na kwa nini watu wakifika pale hawaitani, bali husemezana kwa mikono? Basi sikilizeni. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Mwanzoni Mto Lwendo ulianguka kwa mkondo mmoja, na hapakuwa na mtu aliyekwenda kuutazama. Kiangazi watu walipita chini ya jabali wakiokota kuni, maana wakati huo maji yalikuwa membamba kama mkia wa ndama. Lakini masika yakianza kuipiga milima, mto ukageuka rangi ya udongo na kunguruma mchana kutwa, njia ya kupanda huko ilizibwa kwa miiba. Watu walijifungia majumbani. Hata jina la mahali hapo hawakulitaja. Walisema "Kule," wakaelekeza kwa kidevu, basi.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo chake. Miaka mingi nyuma, msafara wa harusi ulikuwa ukivuka mto juu ya jabali katikati ya masika, ukimpeleka bibi harusi ng'ambo. Maji yakaja kwa ghafla, yakawazoa wote. Ndugu wa bibi harusi, kijana aliyeitwa Kajiru, alikuwa amebaki nyuma kufunga mzigo wa ndizi uliolegea. Akafika ukingoni akaona ukaya wa dada yake, kile kitambaa chake cha kichwani, ukizunguka kwenye povu, kisha asiuone tena. Kajiru huyo alipokuja kuwa mkuu wa bonde, aliweka sheria: atakayekwenda Kule wakati wa masika atahamishwa, akaishi nyuma ya milima, asirudi. Hakuiweka kwa ukali wa moyo. Aliiweka kwa sababu kila mvua iliponyesha aliuona ukaya ule.

Sasa, katika bonde hilo aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa, mke wa Mrindoko. Alipokuwa mtoto, homa ilimlaza kitandani majuma kadhaa, na alipoinuka aliona midomo ya watu inacheza bila sauti. Alidhani wanamtania. Akamfuata mama yake jikoni, akaona chungu kinachemka kimya, jogoo anainua shingo kimya, ndipo akajua kwamba dunia imemfungia mlango. Maneno alikuwa nayo, kwa kuwa alishajua kusema kabla ya homa. Ila sauti yake ilianza kupanda na kushuka ovyo, maana hakuisikia mwenyewe, na watoto wenzake wakaangua vicheko. Taratibu akaacha kusema.

Alipoolewa, watu walimwonea huruma Mrindoko, wakamwonea huruma zaidi mama yake, Namsemba, ambaye angeshinda na mkamwana asiyeitika. Namsemba hakutaka huruma ya mtu. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti na mwepesi wa mikono, na kwa vile sauti haikumfaa kitu mbele ya Nakijwa, akatumia mikono. Wakiwa kwenye jiwe la kusagia, wakiwa shambani kwenye magimbi, walitunga ishara moja moja. Vidole vinavyopepea vilikuwa mvua. Kiganja kinachoteleza kilikuwa mto. Kidole puani kilikuwa jirani yao mwenye maringo, na ishara hiyo iliwachekesha hadi wakashikana mabega. Ikafika mahali wakaweza kusengenya mbele ya watu nusu siku nzima, wala mtu asijue.

Masika ya kwanza baada ya kuolewa, mbuzi mmoja wa Namsemba alikata kamba akapanda mlimani. Nakijwa akamfuata. Hakuwa mzaliwa wa bonde hilo, na ile miiba njiani alidhani ni zizi la mtu lililobomoka. Akaipita. Akapanda kati ya mikangaga na mawe yenye ukungu wa kijani, mvua ikimchapa mgongoni, mpaka akatokea mbele ya jabali.

Maji yalikuwa yanaanguka kama mlima uliokatwa ukashushwa chini. Lakini si macho yake yaliyomsimamisha. Ni kifua. Kitu kilimgonga kifuani, kikaingia, kikatetemesha mbavu, meno na mifupa ya uso. Alirudi nyuma hatua chache, kikapungua. Akasogea mbele, kikaongezeka. Akaweka kiganja kwenye jabali lililolowa, na jabali likamnong'oneza mkononi. Ndipo akaelewa. Ilikuwa ni sauti. Baada ya miaka yote ile, kulikuwa na kitu duniani chenye sauti kubwa kiasi cha kumfikia hata yeye. Alikaa chini kwenye matope akalia, kisha akacheka, na mbuzi akaja mwenyewe kumnusa nywele.

Tangu hapo alikwenda kila masika, kwa siri, kama mtu anavyokwenda kumwona ndugu. Akaijua sauti ile kwa kiganja na kifua. Alijua namna inavyokuwa mvua inaponyesha mbali milimani, namna inavyokuwa gogo linapopita, namna inavyojikaza kabla mto haujajaa.

Namsemba aligundua. Alimwona anarudi mwenye vipande vya kuvumwani kwenye shuka, ile mimea laini inayoota mahali pasipokauka, na bondeni haikuwako. Akamvuta nyuma ya nyumba, akasimama mbele yake midomo ionekane.

"Umetoka Kule."

Nakijwa akaitikia kwa kichwa.

"Unatafuta nini Kule, mwanangu? Kifo?"

Nakijwa akakunja ngumi, akaiweka kifuani mwa mama mkwe wake, akagonga: polepole, kwa kina, tena na tena. Kisha akagusa sikio lake mwenyewe.

Namsemba akaishika ngumi ile. "Unasikia?"

"Nasikia, mama," Nakijwa akasema, kwa kinywa, kwa ile sauti yake iliyoyumba.

Mama mkwe akageuza uso akapangusa macho kwa nyuma ya mkono. Kisha akaanza kuyachambua yale majani ya kuvumwani kwenye shuka, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha. Hakumwambia mtu. Na tangu siku ile, ngumi juu ya kifua ikawa ishara yao ya maporomoko.

Basi yakaja masika ambayo hata wazee hawakuwahi kuyaona. Mbingu ilifunguka ikakosa wa kuifunga. Mvua ilinyesha asubuhi ikapokezana na ya jioni, milima ikavimba maji kama mkate uliotumbukizwa kwenye mchuzi, na migomba ikaegemeana kama walevi. Mto Lwendo ulipanda hadi kwenye vibanda vya kuku. Watu wakawa wanalala na mizigo imefungwa.

Kisha, asubuhi moja, mto ukashuka. Mvua ilikuwa bado inanyesha, tena kwa nguvu, lakini maji yalishuka, yakashuka, mpaka mawe ya kuvukia yakaonekana, na katikati ya mawe hayo samaki wakarukaruka kwenye vidimbwi. Bonde zima likatoka nje likishangilia. "Lwendo ametuhurumia!" wakaitana. Wanawake wakaja na matenga, wanaume wakakunja shuka zao magotini, watoto wakakimbizana na kambare kwenye tope. Ilikuwa kama sikukuu.

Nakijwa hakuyaona hayo, kwa kuwa alikuwa ameshatoka mapema kwenda mlimani. Alipofika chini ya jabali aliweka kiganja chake pale alipozoea. Jabali lilikuwa kimya. Akaweka kiganja cha pili. Akabandika shavu, akabandika kifua. Hakuna. Akainua uso akaona maji yamebaki nyuzi chache tu, yanachuruzika kwenye mwamba kama machozi ya mtu aliyechoka kulia, ilhali mvua inamwagika kichwani pake kama kawaida.

Alihisi baridi ambayo haikuwa ya mvua. Ilikuwa kama siku ile aliyoona chungu kinachemka kimya. Lakini safari hii hakuwa mtoto. Alijiuliza: maji yote haya yanayonyesha yanakwenda wapi? Akapanda ubavu wa jabali kwa kushika mizizi, mpaka juu kabisa, mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyekanyaga tangu harusi ile.

Huko juu aliona. Ubavu wa mlima ulikuwa umeporomoka usiku, miti na miamba na udongo mwekundu, ukaziba genge la mto kutoka ukuta hadi ukuta. Na nyuma ya ukuta huo wa tope palikuwa na ziwa. Ziwa la rangi ya kahawa, lisilokuwepo jana, limejaa miti iliyosimama ndani ya maji hadi shingoni, na juu ya vilele vyake mbega wamekusanyika wakikodoa macho. Alipokuwa anatazama, tawi lililokuwa juu ya maji likawa ndani ya maji.

Nakijwa alishuka mlima kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu.

Alimkuta Namsemba mtoni na tenga la samaki kichwani. Akamshika mabega. Mikono yake ilisema haraka kuliko ilivyowahi kusema: ngumi kifuani, kisha kiganja wazi, hakuna. Mlima unaanguka. Mto umefungwa. Maji yanakaa, yanapanda, yanapanda. Kisha akafungua mikono yote miwili kwa ghafla na kuonyesha bonde zima, nyumba, watu, watoto wenye kambare mikononi. Namsemba akaacha tenga lianguke. Samaki wakateleza wakarudi kwenye vidimbwi vyao.

"Kajiru!" akapaza sauti, na sauti ile ilijulikana bonde zima. "Kajiru yuko wapi? Watu, simameni! Tokeni mtoni!"

Kajiru akaja akijikokota kwa fimbo yake, na watu wakakusanyika. Namsemba alipomaliza kueleza, palizuka minong'ono, kisha ikawa makelele. Mmoja akauliza mwanamke huyu amejuaje ya Kule. Mwingine akasema, "Sheria! Amekwenda Kule masika! Ndiyo maana mvua hazikatiki!" Mrindoko akasogea akasimama mbele ya mke wake, jembe begani.

Nakijwa akamsogeza mumewe kando. Alikuwa ameisoma midomo yote ile. Akamtazama Kajiru usoni, akafungua kinywa mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Nimekwenda," akasema. "Nakwenda kila mwaka. Mkinihamisha, nihamisheni kesho. Leo pandeni."

Kajiru akageuza sikio kuelekea mlimani. Aliinua mkono watu wanyamaze. Wakanyamaza. Akainua tena, na mama mmoja akamziba mtoto wake kinywa. Wakasimama wote kwenye mvua, kimya, wakisikiliza. Walisikia mvua kwenye majani ya migomba. Walisikia mbwa akijikung'uta. Ule mngurumo uliowatisha tangu kuzaliwa, uliokuwa nyuma ya kila neno na kila usingizi wao wa masika, haukuwepo, na miongoni mwao wote wenye masikio hapakuwa na aliyegundua.

"Nilikuwa nashukuru," Kajiru akasema kwa sauti ndogo. "Nilipoamka nikaona kimya, nilimshukuru Mungu." Akageuka. "Wazee na watoto wapande mgongo wa mlima wa mashariki, sasa hivi, waache kila kitu. Kila mwenye mikono achukue jembe anifuate."

Walipofika penye miiba, Kajiru alisimama. Watu wakasimama nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kumpita. Nakijwa akapenya katikati yao, akamshika mkono yule mzee kama anavyoshikwa mtoto, akamtazama, akaivuta miiba kwa mguu. Wakapita pamoja.

Juu, walipoliona ziwa, wengi walikaa chini wenyewe. Wengine walisema tukimbie. "Tukimbie tuende wapi?" Mrindoko akauliza. "Sisi tutapona. Na watu wa vijiji vya huko chini, hadi tambarare, nani atawafikia kabla ya maji?" Ukuta wa tope ulikuwa umelowa, unachuruzika kwa chini. Kama ungevunjika na mzigo wote ule nyuma yake, hakuna jiwe ambalo lingebaki juu ya jiwe.

Nakijwa alikuwa ameshatembea hadi mkono wa kulia, mahali ambapo ukuta ule uliegemea mlima mgumu. Kulikuwa na kibonde kifupi hapo, cha udongo wa asili, na zaidi yake mwamba ulioteremka hadi ukingo wa jabali. Akachora kwa kisigino mstari kwenye udongo, kutoka ziwani hadi kwenye mwamba. Watu wa milima ile wamechimba mifereji ya kupeleka maji mashambani tangu enzi za babu zao. Hawakuhitaji maelezo zaidi. Mfereji, basi. Mpana, wenye kina, katika ardhi isiyobomoka, ili ziwa lipate mlango wa kutokea taratibu kabla halijaubomoa ukuta wa tope.

Wakachimba. Hakukuwa na mwanamume wala mwanamke hapo, kulikuwa na majembe. Walio mbele walivunja udongo, walio nyuma wakaukomba kwa matenga yaliyokuwa ya samaki, wengine wakang'oa mizizi kwa mikono mitupu. Namsemba akatoa wimbo, na kishindo cha majembe kikawa kimoja:

"Mlima umefunga mlango!"

"Fungua!"

"Una ufunguo gani?"

"Jembe!"

Nakijwa hakuchimba. Alikwenda kusimama katikati ya ukuta wa tope, mahali ambapo mtu mwingine asingekubali kusimama, akavua viatu vyake vya ngozi na kuzamisha nyayo zake ndani ya udongo. Mama mkwe wake alimwona, akaacha kuimba.

"Shuka hapo, mwanangu!"

Nakijwa akamjibu kwa mikono: Ukitaka kuvunjika, mimi nitajua kabla yenu.

Namsemba alibaki amesimama, mkono mdomoni. Kisha akaitikia kwa kichwa, akarudia wimbo kwa sauti kubwa zaidi, ijapokuwa sasa machozi yalikuwa yanamtiririka pamoja na mvua.

Ziwa lilipanda. Mfereji ulishuka. Mchana ulipogeuka, maji yalikuwa yanalamba vidole vya waliokuwa mbele kabisa. Mrindoko na wenzake wakapiga majembe ya mwisho kwenye kile kizingiti cha udongo kilichobaki, wakaruka pembeni. Maji yakaingia. Yaliingia kama nyoka mwembamba, yakanusa njia, yakasita kwenye mwamba. Halafu yakapata mteremko. Yakavuta mengine, nayo yakavuta mengine, mfereji ukajaa, na mbele ya macho ya watu wale waliopakwa tope hadi kope, mto ukafika kwenye ukingo wa jabali mahali usipowahi kufika, ukajirusha.

Palilipuka vigelegele. Watu walikumbatiana, walianguka, waliinuka. Kijiti alichokichomeka Kajiru ukingoni mwa ziwa kupimia maji, ambacho kilikuwa kimezama hadi ncha, kilianza kuonekana. Ziwa lilikuwa linashuka.

Nakijwa aliwaona wanaruka, akacheka. Lakini nyayo zake zilikuwa bado kazini. Na wakati wenzake wanapongezana, baadhi yao wakiwa wameketi juu ya ukuta ule ule kupumzika, alihisi kitu chini. Kilikuwa kidogo sana. Ni kama paka anapokoroma mapajani mwa mtu. Kikakoma. Kikarudi, kikubwa kidogo.

Aliinua mikono. Hakuna aliyemtazama. Ndipo Nakijwa akavuta pumzi hadi chini kabisa ya tumbo, akapiga kelele.

Waliokuwepo waliwasimulia watoto wao juu ya kelele ile. Haikupanda wala kushuka ovyo. Ilitoka nzima, kama pembe ya ng'ombe inayopulizwa mlimani, ikapiga kuta za genge ikarudi. "Ondokeni! Ondokeni juu ya tope!" Hawakuuliza. Walirukia pande zote mbili, kila mmoja akimvuta mwenzake, na Mrindoko akaja akikimbia kinyume na watu, akamshika mkewe kiunoni, wakatua wote wawili kwenye mwamba mgumu wakati ukuta ulipofunguka nyuma yao.

Maji yakatoka. Yalitoka kwa hasira, yenye miti na mawe, yakaporomoka kwenye njia yao ya zamani. Lakini ziwa lilikuwa limeshapungua, na nusu ya nguvu zake ilikuwa imeshakwenda kwa mfereji. Mto ulijaa bondeni hadi kwenye vizingiti vya nyumba za chini, ukabeba migomba kadhaa, kinu kimoja na kibanda cha kuku, kisha ukarudi kitandani mwake. Huko chini, watu wa vijiji vya tambarare waliona mto umejaa kama unavyojaa masika yoyote, wakasema mvua mwaka huu ni nzuri. Hakuzama mtu. Hakuzama hata mtoto wa mbuzi.

Na Kule kukanguruma tena. Nakijwa alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba, mkono wa mumewe bado kiunoni, sauti ile ikampanda kuanzia tumboni hadi kwenye meno. Safari hii ilikuwa na sauti ya pili pembeni yake, nyembamba, changa, yenye haraka. Alijua mara moja kwamba ni mbili.

Waliposhuka chini ya jabali, hakuna aliyeagizwa kufanya lolote. Lakini mngurumo ulikuwa mkubwa hata maneno hayakufaa kitu, wote wakawa kama Nakijwa. Wakamtazama. Naye akaweka kiganja kwenye jabali. Namsemba akaweka chake kando yake. Kisha Mrindoko, kisha mmoja mmoja, mpaka jabali likajaa mikono yenye tope. Wa mwisho alikuwa Kajiru. Alikaa hapo muda mrefu, kichwa ameinamisha, midomo ikicheza. Nakijwa peke yake ndiye aliyeweza kuona anachosema, kwa kuwa peke yake alijua kusoma midomo. Alikuwa analiita jina la dada yake. Jambo hilo hakumwambia mtu maisha yake yote, ila mama mkwe wake, kwa mikono.

Walipofika bondeni jua lilikuwa limepata upenyo magharibi. Mtu mmoja, yule yule aliyetaja sheria asubuhi, akaikumbusha tena, safari hii akikwepa macho ya watu. Kajiru akajiegemeza kwenye fimbo.

"Sheria ni sheria," akasema. "Aliyekwenda Kule masika ahamishwe. Basi tufungeni mizigo, maana tumekwenda wote. Hata wewe nimekuona, una tope masikioni. Swali langu ni moja tu: tukishahama wote, nani atabaki kutufukuza?"

Bonde likaangua kicheko kilichochanganyika na kilio. Kicheko hicho kilipotulia, sheria ya zamani ilikuwa imekufa, na Kajiru akatoa mpya papo hapo: kwamba hakuna tena masika ambayo watu watajifungia majumbani wakiacha mto bila wa kuujulia hali. Mvua zikikolea, watapanda, wakubwa kwa wadogo, wausikilize. Na wa kuwaongoza atakuwa Nakijwa.

Na tangu siku hiyo, maporomoko ya Lwendo ni mawili. Lile la kushoto bado linaitwa Kule. La kulia, lililochimbwa na watu, linaitwa Jembe. Na kwa kuwa mfereji wake uko juu ya kitanda cha mto, Jembe hupata maji masika tu. Kiangazi hulala, likabaki alama nyeupe kwenye mwamba. Kila anayekwenda kutembelea maporomoko hupita kwanza mdomoni mwa mfereji akakomba konzi ya udongo, ili njia isizibe. Kisha hushuka, akaweka kiganja kwenye jabali, na yote anayotaka kusema huyasema kwa mikono. Ishara nyingine mlizoziona leo ni zile zile zilizotungwa kwenye jiwe la kusagia, hata ile ya kidole puani.

Na kabla ya kuondoka, kila mtu huvuta pumzi akapiga kelele moja kwa nguvu zake zote, asimwonee mtu haya. Mmeona wenyewe jinsi maji yanavyoimeza, hata aliye kando yako asisikie kitu. Lakini wewe mwenyewe huisikia kifuani, na hushuka mlima nayo hadi nyumbani.